Mvua ya Machi Ikishuka: Mwongozo wa Kurudisha Mazoea ya Afya Taratibu

Kwa miaka minne mfululizo nilianza Januari, na mara zote nne sikuvuka Februari. Nilibandika ratiba ukutani, nikaapa kuacha sukari, chapati na kukesha, vyote siku moja, kisha nikawa natoka mbio alfajiri hapa Kisumu kutoka mtaa wa Migosi hadi Kondele na kurudi. Mara ya mwisho goti la kulia lilivimba wiki ya tatu. Nikakaa, na nilipokaa, mengine yote yakakaa nami.

Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nikipanda mbegu kiangazi. Januari kwetu Kisumu ni mwezi mgumu: kufikia saa nne asubuhi jua linachoma, karo imemaliza mfuko, mboga za kienyeji zimeadimika na fungu limekonda, na usiku joto linakunyima usingizi. Ukiongeza juu ya hayo mzigo wa kubadilisha maisha yako yote, huwezi kudumu.

Wenzetu wa kaskazini mwa dunia wana majira ya kuchipua. Baridi ikiisha na siku zikirefuka, wanajikuta wanataka kutoka nje tena. Sisi tulio karibu kabisa na mstari wa ikweta hatuna siku zinazorefuka. Tulicho nacho ni mvua. Wajaluo huuita msimu huu chwiri, mvua ndefu za kuanzia Machi hadi Mei hivi. Vumbi linatulia, usiku unapoa, jembe linatolewa, na kabla hujajua, mama mboga ana rundo la kijani mbele yake. Mwaka ambao hatimaye nilidumu ni mwaka nilioanza na mvua ile, na nilianza na kitu kidogo hivi kwamba niliona haya kumwambia mtu.

Haya ndiyo niliyofanya, pamoja na niliyojifunza baadaye. Nimeandika nikiwa na mtu wa Kisumu akilini, lakini wa Kakamega, Busia, Siaya au Vihiga atajiona humu. Wa Nakuru aongeze sweta, kwa sababu mji wao uko juu yetu kwa zaidi ya mita 700 na alfajiri yao ni ya baridi kweli.

Wiki ya kwanza: tazama tu

Usibadilishe chochote. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, na kila usiku uandike mambo manne: ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, ulitembea wapi kwa miguu, ulikula mboga gani, na vijiko vingapi vya sukari viliingia kwenye vikombe vyako. Usijihukumu. Mimi niligundua kwamba nilikuwa nikipanda bodaboda kila siku kwa safari ya dakika kumi na mbili za mguu, na kwamba siku nne kati ya saba mboga yangu ilikuwa kachumbari ya kubahatisha kando ya chapati.

Wiki hiyohiyo pima presha. Maduka mengi ya dawa yana mashine, na tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Ikiwa unatumia dawa za presha au kisukari, una mimba, umewahi kushikwa na maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, zungumza na daktari kabla ya kuanza mazoezi. Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kushukiwa na sukari akitembea bila kula, kwa hiyo jambo hili si la kupuuza.

Chagua zoea moja, na ulipunguze hadi lionekane dogo mno

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2009 mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha utafiti kuhusu watu 96 waliojaribu kujenga zoea moja kila mmoja: wengine kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, wengine kula tunda, wengine kufanya mazoezi. Walitaka kujua inachukua siku ngapi hadi jambo lijifanye lenyewe bila kusukumwa. Wastani ulikuwa siku 66. Lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Zile siku 21 tunazoambiwa kila mara zimewavunja moyo watu wengi bure. Mtu anafika siku ya 22, bado anajilazimisha, anadhani yeye ndiye mbovu.

Siku 66 ni wiki tisa na kitu. Ukianza katikati ya Machi utafika tarehe 20 Mei hivi, yaani karibu urefu wa msimu wenyewe wa mvua. Mimi huona jambo hilo ni la kufariji: mvua ikianza, naanza, mvua ikikaribia kukatika, zoea limeshika mizizi.

Utafiti uleule uliona jambo jingine ambalo ningependa kila mtu alijue. Kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa zoea. Nitalirudia mbele, tutakapofika kwenye matanga.

Sasa, zoea linashika kwa kufungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Sema sentensi ya namna hii, kwa sauti: "Nikishamaliza hiki, nitafanya kile." Nikishakunja neti asubuhi, nitavaa viatu vya kutembea. Nikishabandika sufuria ya ugali, nitachambua mboga. Nikishafunga mlango wa duka jioni, nitashuka kwa miguu hadi steji ya pili badala ya ya kwanza. Usiseme "nitatembea zaidi", kwa sababu "zaidi" haina saa wala mahali.

Kisha kiweke kifaa pale mkono wako unapopita. Mfano bora wa hili ninaoujua umetoka hapahapa kwetu. Katika Busia, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyekuja kuwa mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2019, waliona kwamba watu walijua faida ya klorini ya kutibu maji, na bado wengi hawakuinunua wala kuitumia nyumbani. Basi wakaweka mitungi ya klorini kwenye vyanzo vya maji vyenyewe, kando ya chemchemi, bila malipo. Mtu anateka maji, anageuza valvu mara moja, dawa inaingia kwenye dumu lake, anaondoka. Matumizi yalipanda. Wanakijiji walikuwa walewale waliokuwa hawainunui, ila dawa ilikuwa imesogezwa hadi kwenye mkono uliokuwa tayari unashika dumu. Fanya hivyo na viatu vyako, na kisu cha mboga, na neti.

Udogo je? Dakika kumi za kutembea. Konzi moja ya mboga. Nusu kijiko cha sukari kipungue. Ukiona aibu kwa udogo wake, umepata kipimo sahihi.

Kutembea, kwa saa za Kisumu

Mvua ya huku ina tabia yake na ukiijua itakupangia ratiba. Mchana ziwa na nchi kavu havipati joto sawa, upepo unavuma kutoka ziwani kuelekea bara, unakutana na miinuko ya Nandi, mawingu yanajengeka, na alasiri au jioni yanamwagika. Asubuhi nyingi za msimu huu, basi, ni tulivu na hewa imeoshwa. Tembea asubuhi. Anayengoja jioni atasalimu amri mbele ya radi siku tatu kwa wiki.

Jua letu huchelewa. Mwezi wa Machi linachomoza Kisumu karibu saa 12:45 asubuhi, dakika 20 hivi baada ya Mombasa, kwa sababu saa zetu na zao ni zilezile ilhali sisi tuko magharibi. Mwanga wa kutosha kuona shimo la barabara unapatikana tangu saa 12:30. Usitoke kabla ya hapo ukiwa peke yako. Nenda na jirani, na kama wewe ni mwanamke, nenda na wawili. Zaidi ya usalama, mtu anayekungoja getini ni kamba nzuri ya kukutoa kitandani. Mimi nilimwambia jirani yangu, mama wa watu wazima ambaye goti lake ni bovu kuliko langu, "Mama, kesho nikupitie?" Akajibu, "Nipitie, lakini usinikimbize." Tulitembea mwendo wake, na mwendo wake ndio uliokuwa unanifaa tangu mwanzo.

Ukikaa upande wa Dunga au karibu na ziwa, achana na ufuo alfajiri. Viboko hutoka usiku kula nyasi na kurudi majini kunapopambazuka, na ukisimama kati ya kiboko na maji huna pa kwenda. Ngoja jua liwe juu, au fuata barabara. Katikati ya jiji kuna njia za waendao kwa miguu, na saa hizo za mapema hazina msongamano.

Ukishamaliza wiki ya kutazama, wiki ya kwanza ya kutembea iwe dakika kumi, siku tano. Wiki ya pili kumi na tano. Endelea kuongeza dakika tano kila wiki hadi ufike thelathini, utakuwa kwenye wiki ya tano. Hapo una dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Ikiwa wiki fulani imekushinda, irudie kama ilivyokuwa kabla ya kuongeza. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini kushindwa kuimba. Ukiweza kuimba wimbo wa kwaya mzima bila kukata pumzi, ongeza hatua kidogo, na ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Viatu: udongo mweusi wa Nyamasaria na sehemu za Manyatta ukilowa hushika soli kama gundi, na unatembea ukiwa umebeba kilo ya tope kila mguu. Raba kuukuu yenye soli iliyochongoka inatosha. Gumbuti ni za shamba, zikitumika kwa mwendo mrefu zitakuchubua kisigino. Ukisikia radi, ingia ndani ya jengo. Usikae chini ya mwembe. Eneo hili la ziwa hupigwa na radi nyingi kweli.

Shirika hilohilo linapendekeza kukaza misuli siku mbili kwa wiki. Huhitaji jimu. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika popote, kaa tena, mara kumi, pumzika, rudia. Na kama msimu huu unalima, ukainama na jembe saa mbili asubuhi shambani Siaya au Vihiga, mwili wako umeshafanya kazi. Usijidai unahitaji kukimbia juu ya hayo. Wewe sogea kwenye sehemu ya mboga na usingizi.

Mboga, na kwa nini zije na mvua

Hapa ndipo msimu wenyewe unakubeba. Mvua ikishanyesha wiki chache, soko la Kibuye linajaa, hasa Jumapili ambayo ndiyo siku yake kubwa. Osuga, yaani mnavu au managu. Dek, inayoitwa saga na wengine na mgagani katika Kiswahili sanifu. Apoth, ile mrenda inayoteleza. Boo, majani ya kunde. Mito, au mitoo, mboga ya majani membamba. Susa, majani ya malenge. Fungu linanenepa na bei inashuka, na mama mboga anakuongezea bila kuombwa.

Mboga hizi ziliwahi kudharauliwa, zikaitwa chakula cha maskini na magugu ya shamba. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha mboga katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia miongo kadhaa ya utafiti kuonyesha thamani yake ya lishe na kurudisha mbegu zake mikononi mwa wakulima. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto mwili wake ulikuwa ukikataa nyama, samaki, maziwa na mayai, hivyo mboga za kienyeji ndizo zilizomkuza. Nikiona mtu anapita osuga akaenda kununua kabichi kwa sababu tu kabichi ni "safi", moyo wangu unauma.

Lengo la Shirika la Afya Duniani ni angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, sawa na mafungu matano ya gramu 80. Usianze na 400. Anza na konzi moja ya mboga iliyopikwa kwenye chakula cha jioni, kila siku, hata kama mlo ni chipsi za kibandani. Wiki ya tatu ongeza tunda moja, ndizi au kipande cha papai, mchana. Baada ya hapo sahani yenyewe inaanza kujipanga: mboga ikichukua nusu, ugali unapungua bila vita.

Namna ya kupika ina uzito wake. Osha majani kabla ya kukatakata, maana ukikata kwanza, vitamini zinaondoka na maji. Wengi huchemsha osuga na dek, wakamwaga maji ili uchungu uishe, na hapo wamemwaga na kilicho chema. Mimi naondoa uchungu kwa kuchanganya: dek na boo, osuga na boo au susa, kisha maziwa mwishoni, zichemke taratibu hadi zikolee. Ukiziacha usiku mmoja na kuzipasha kesho yake kwa maziwa mengine zinakuwa tamu zaidi, bibi zetu walijua hilo. Ila msimu wa joto zihifadhi vizuri zisichache.

Apoth na boo hulainishwa kwa magadi au kwa maji ya majivu. Tia kidogo mno, au uache. Magadi huharibu baadhi ya vitamini, na yana sodiamu ambayo mwenye presha anapaswa kuihesabu pamoja na chumvi. Chumvi yenyewe isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku nzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha na ile iliyo ndani ya mkate na vitafunio.

Osuga ina madini ya chuma, lakini chuma cha majani mwili haukinyonyi kwa urahisi. Kamulia limau au pika na nyanya, maana vitamini C inasaidia. Na chai ya rangi au ya maziwa inywe saa moja kabla au baada ya chakula, kwa sababu majani ya chai hushika chuma kisifyonzwe. Omena wachache kando yake, walioshwa kwa maji moto mchanga ukatoka, wanakupa protini, na kwa kuwa unawala na mifupa, unapata kalisi pia. Tahadhari moja: vitunda vya mnavu vikiwa bado vya kijani vina sumu. Vichambue, watoto wasivile.

Panda pia. Gunia moja, udongo uliochanganywa na samadi, safu ya kokoto katikati ili maji yashuke, na mashimo pembeni. Mbegu za dek ni ndogo kama vumbi la tumbaku. Zifunike kwa udongo mwembamba tu, ukizizika ndani hazitoki. Baada ya mwezi hadi wiki sita utaanza kuchuma vikonyo vya juu. Chuma na maua yakichomoza, mmea utaendelea kutoa majani badala ya kukimbilia mbegu. Mimi naona gunia ni kalenda nzuri kuliko ile ya ukutani. Siku unayochuma dek yako ya kwanza, umekuwa ukitembea kwa zaidi ya mwezi, na huenda hukugundua.

Chai

Fanya hesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 hivi kwa siku, na ingefaa zaidi ibaki chini ya 25. Hujagusa soda wala mandazi bado.

Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, ukae hapo wiki mbili, kisha nusu nyingine. Ulimi unazoea. Tangawizi iliyopondwa au majani ya mchaichai hufanya chai isionekane tupu. Na ukienda kwa watu, kunywa chai yao jinsi walivyoitengeneza. Mgeni anayekataa chai ya mwenyeji wake Gem au Bunyore anavunja kitu kikubwa kuliko sukari.

Usingizi na neti

Mvua inaleta usiku wa kulalika, na inaleta mbu. Sisi tuko katika ukanda wa ziwa, ambako malaria ni ya mwaka mzima na hupanda baada ya mvua kujaza madimbwi. Basi zoea la kulala mapema na zoea la neti ni zoea moja. Nikishaosha vyombo vya jioni, nateremsha neti na kuichomeka chini ya godoro, hata kama sijalala. Kitendo hicho kimekuwa kengele yangu. Neti ikishashuka, mwili unajua siku imekwisha.

Simu ichajiwe mbali na mkono, sebuleni au juu ya kabati. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Kama sasa unalala saa sita usiku, usijaribu saa tatu kesho. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku chache. Saa ya kuamka ndiyo ya kushikilia zaidi, hata Jumapili, kwa sababu saa ya kulala hufuata yenyewe.

Neti yenye dawa ifuliwe kwa sabuni laini ya kawaida na ianikwe kivulini, jua kali huiua dawa. Ukipata homa msimu huu, nenda upimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Usijisukume kutembea ukiwa na homa kwa sababu tu daftari lina pengo.

Maji ya kunywa sitayasemea sana: mafuriko ya msimu huingiza uchafu visimani, hasa Nyalenda na nyanda za Kano, kwa hiyo chemsha hadi yatokote vizuri au tia klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Weka jagi mezani, lionekane.

Ukikosa siku, na utakosa

Kwetu kuna jambo moja linalovunja ratiba za watu wote, na miongozo ya watu wa mbali haiwezi kulijua: matanga. Simu inapigwa Jumatano, Alhamisi unachanga, Ijumaa usiku uko njiani kuelekea Ugenya au Bondo, Jumamosi mnazika, Jumapili unarudi umechoka na tope hadi magotini. Siku nne zimekwenda. Hukulala, ulikula wali na nyama ya ng'ombe, sukari hukuihesabu.

Hiyo ni sehemu ya kuwa mtu kati ya watu, na si kosa la kulipia. Ukiwa huko mbali na nyumbani, beba toleo dogo la zoea lako: tembea dakika tano kuzunguka boma asubuhi, omba kijiko cha mboga cha ziada kwa akina mama jikoni, nao watafurahi. Na Jumatatu uanze tena kwa nusu ya ulipoachia. Kama ulikuwa dakika 25, tembea 12. Jumanne ishirini. Kinachoua zoea ni ile adhabu tunayojipa Jumatatu, tukijaribu kufidia siku nne kwa asubuhi moja. Goti langu ni shahidi.

Nina kanuni moja tu niliyoiandika ndani ya jalada la daftari: nisikose mara mbili mfululizo ikiwa niko kwangu na sina homa. Siku ya mvua ya asubuhi, ambayo hutokea, natembea ndani ya nyumba wakati chai inachemka, au nasimama na kuketi zile mara kumi. Naweka alama daftarini kama siku nyingine yoyote.

Ongeza zoea la pili pale tu la kwanza linapoanza kukudai, yaani ukikosa unahisi kama umetoka bila viatu. Kwangu kutembea kulichukua wiki saba. Mboga ilichukua tatu, kwa sababu Kibuye ilinisaidia. Sukari ilinichukua hadi Julai, na kwa usingizi bado napigana nikiwa na kazi za usiku. Mpangilio wako utakuwa tofauti.

Mvua ikianza kukatika

Mwezi wa Juni mvua hupungua na bei ya mboga itaanza kupanda polepole. Kausha majani ya kunde kivulini, uyahifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, yatakufaa Januari. Asubuhi endelea kutoka saa ileile, hata kama vumbi limerudi.

Kwenye gunia, acha mashina mawili ya dek yenye afya bila kuyachuma. Yatoe maua, yabebe maganda membamba. Maganda yakigeuka manjano, yakate kabla hayajapasuka, uyaanike juu ya gazeti, uyapukuchue, na mbegu uzifunge kwenye karatasi mahali pakavu. Mbegu mbichi za dek hazioti vizuri, zinahitaji kupumzika kama miezi mitatu hivi. Ukizivuna Juni, zitakuwa tayari Septemba, opon, yaani mvua fupi, ikianza.